Ndizi za Bertha na Bata wa Jirani

3 Aprili

Nesi Elinipa, umeniambia niandike kila ninachokula, sukari ikipanda ujue cha kulaumu. Haya. Shule sikuiona hata kwa nje. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima kule kwetu Maneromango, mtoto mgongoni, kibatari mbele, mwalimu mwenyewe anasinzia. Mwandiko ukipinda usinicheke.

Asubuhi: uji wa ulezi bila sukari, kama ulivyoamuru. Mbaya. Mchana: ndizi za kupika na nyama. Jioni: ugali kidogo na mchicha.

Ndizi ni za mkwe wangu, Bertha. Mtu wa Tukuyu huyo, kwao bila ndizi hujala. Yeye na mwanangu Saburi walioana bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Nililia siku ile, sifichi. Nimekuja hapa kwao Tangini niuguze goti, nimemwona alivyo, na yale machozi nimeyajutia. Alfajiri Saburi anawahi gari la Dar, Bertha anawahi ofisini, lakini hatoki kabla hajaniachia chakula cha mchana kwenye hotpoti nyekundu, ameifunga kwa leso, fundo juu. Kuku akimtaka anamwita mzee Mwinjuma, Mwislamu mwenzangu wa mtaa huu, aje achinje, na anataka nisimame nione. Nyama ya ajabuajabu haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Andika hilo, nesi. Au nimeshaliandika mimi.

4 Aprili

Mvua. Uji. Ndizi. Ugali.

8 Aprili

Leo nimefungua hotpoti nikaifunga tena. Chakula hakina kosa. Kosa ni meza. Viti sita na mimi mmoja, na redio inasoma habari. Toka nizaliwe sijawahi kula peke yangu. Kwetu tulikula kwenye sinia moja, mkono wangu na wa mama na wa wadogo zangu, na ukichelewa unakuta mwiba wa samaki. Kula kule kulikuwa vita, lakini vita vya kuchekesha. Hapa natafuna, najisikia natafuna.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Ashrafu, ana bata. Ukuta una tundu chini, wanapita wanavyotaka. Nikawamwagia ndizi zote, zikaisha kabla sijanyanyuka.

Kwa hiyo leo mchana: sikula. Walikula bata.

9 Aprili

Mvua ilikatika kidogo, nikajikongoja mpaka kona. Pana mgahawa pale: mabati, mabenchi, turubai la bluu lililojaa maji kama tumbo la mja mzito, na mwanamke katikati anapiga kelele. Anaitwa Faudhia, mzaliwa wa Mlandizi.

"Shikamoo bibi. Kaa huku, huko panavuja."

"Marahaba. Una nini?"

"Wali maharage, wali samaki, ugali samaki, kisamvu cha nazi."

"Kisamvu umetwanga au umesaga kwa mashine?"

"Nimetwanga bibi, kwa mikono hii."

"Lete. Kama ni cha mashine nitajua, na nitasema kwa sauti."

Vijana wa bodaboda wakacheka, mmoja akasema, "Faudhia, leo umepata mkaguzi." Kilikuwa cha kutwangwa. Kijana mmoja akanisogezea ndimu bila kuombwa. Mwingine kifungo cha shati kinaning'inia kwa uzi mmoja, nikamwambia kesho nakuja na sindano, mama yako akikuona hivyo atasema mji huu hauna wanawake. Nikala ugali wote. Nesi, ugali wote.

Nimerudi nyumbani, bata wananisubiri kwenye tundu. Mara moja tu, wameshazoea.

10 Aprili

Kwa Faudhia. Kifungo nimeshona.

11 Aprili

Kwa Faudhia. Bata: wali na njegere.

14 Aprili

Mama Ashrafu ndiye anayempelekea Faudhia chapati, kwa hiyo mchana yupo pale anasubiri sinia lake. Leo amenikazia macho.

"Bibi, kila siku nakukuta hapa. Kwani kwa mkweo hapapikwi?"

Mtu wa umri wangu, mwenye mwana na mkwe ndani ya nyumba, huwa hakai mgahawani. Kijana akila nje ana njaa tu. Bibi akila nje, watu wanaitazama nyumba alikotoka. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Ningesema tu kwamba mkwe wangu anapika na mimi nimefuata kelele zenu. Maneno mepesi. Sikuyasema. Niliinamia sahani, nikatikisa kichwa kama mfiwa.

Faudhia akaguna, "Maskini. Chukua na hiki bibi, hiki hakina bei." Kichwa cha samaki, nesi. Kichwa kizima, na macho yake.

Toka goti lilegee, watu wananiambia "pole" huku wanapita. Leo waliniambia pole wamekaa. Kuhurumiwa kuna utamu wake, na wewe hukuuweka kwenye orodha ya vitu vya kuacha.

16 Aprili

Bertha amerudi amelowa, kabla hajavua viatu akaifungua hotpoti. Tupu. Uso wake ukawaka.

"Mama, umemaliza!"

"Nimemaliza mwanangu."

"Nilidhani huzipendi ndizi zangu."

"Nani asiyezipenda?"

Bata wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Nikawafukuza.

Wakati anachambua mchele akaniambia jambo lake. "Toka tuhamie nyumba hii sijawaita majirani, mama. Nataka Idi ya kuchinja iwe hapa. Mbuzi achinje mzee Mwinjuma, mimi nipike, mtaa mzima waje wale. Wananiita mgeni mpaka leo. Mtu aliyekula kwako hawezi kukuita mgeni."

Nikamwambia ni jambo zuri sana. Na kweli ni zuri.

17 Aprili

Kwa Faudhia. Mama Ashrafu amekaa karibu yangu, sauti ameiteremsha: "Au huko ndani kuna mambo ya kitimoto, ya nguruwe, bibi? Tuambie sisi wenzio."

Nilicheka, nikamega tonge. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Leo walinipa na parachichi.

20 Aprili

Pasaka. Jana jioni mzee Mwinjuma kachinja kuku uani, nimeshuhudia mwenyewe, damu na bismillahi. Leo Bertha kapika pilau, harufu imekwenda mpaka barabarani. Akajaza sahani nane, akazifunika, akazipeleka mwenyewe mlango kwa mlango, gauni lake jipya, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Tulikula watatu mezani, Saburi anatuchekesha. Nikala sana na kwa furaha. Kwa mara ya kwanza mezani pale nilipigania mnofu.

21 Aprili

Sahani zimerudi zote. Zimeoshwa, ziko tupu.

Labda wewe ni wa mji, nesi, nikueleze. Sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka mayai, unaweka muhogo, hata chumvi. Ikirudi tupu imesema kitu. Nane zimerudi tupu, na Bertha kazipanga kabatini, anajisemea, "Watu wana shughuli nyingi."

Nilitoka uani. Kwa juu ya ukuta nikaona bata wa Mama Ashrafu wamezunguka karai. Walikuwa wanakula pilau. Kipaja cha kuku kimelala pembeni, hakijaguswa na jino la mtu.

Bata wale wale.

22 Aprili

Nimekwenda kwa Faudhia nikiwa sina njaa. Nilikwenda na mdomo.

Nikamwuliza Mama Ashrafu mbele ya wote, "Pilau la mkwe wangu umewapa bata kwa nini?"

Hakuona haya. "Bibi, sisi si watoto. Wewe mtu mzima, goti bovu, mvua hii, kila siku unakimbia chungu cha mkweo. Hukimbii bure. Kwenye vile vyungu kuna kitu. Mimi na wanangu tuingize haramu tumboni kwa ajili ya ujirani?"

"Nani kasema kuna kitu?"

"Nilikuuliza hapahapa. Ukacheka."

Nikasema hapana, wallahi hakuna, kuku alichinjwa naona, Bertha hata soseji hanunui. Nikasema mpaka mate yakaniruka. Halafu Faudhia, yule mwenye moyo wa siagi, akanishika bega: "Unamsitiri mkweo, bibi. Mungu akulipe." Na vijana wangu wa bodaboda wakatikisa vichwa, kumbe bibi ana subira hivi. Kadiri nilivyosema hapana, ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu na Bertha ndivyo alivyozidi kuwa mchafu. Faudhia akaniletea kichwa cha samaki. Nikakitazama, kikanitazama.

Nilikiacha. Lakini vingapi nilishavila?

23 Aprili

Hotpoti yote nimekula mimi, mezani, peke yangu. Tamu. Hilo ndilo linaloniuma, ni tamu.

Sijamwambia.

26 Aprili

Mvua toka juzi. Nimekula hotpoti. Sijamwambia.

2 Mei

Mama Ashrafu kapata mgeni, kachinja bata mmoja. Alikuwa amenona, hata kutembea alikuwa hawezi. Mimi namjua aliyemnonesha.

Sijamwambia.

9 Mei

Bertha kaanza kualika watu. Kapita nyumba zote. "Wote wameniambia Inshallah, mama," akasema, kafurahi. Sisi tunajua Inshallah ya kuja na Inshallah ya kukufungia mlango taratibu. Yeye hajui. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia avue viatu vya maji asije akaugua.

13 Mei

Goti baya. Mvua mbaya. Mimi mbaya zaidi.

18 Mei

Leo usiandike sukari, nesi, andika aibu.

Bertha alikwenda msibani mtaa wa pili, akajiunga na wanawake wanaopika. Akashika mwiko. Mama mmoja akaupokea mwiko ule, akamwambia, "Wewe pumzika, kaa na wageni." Akashika kisu cha vitunguu, kikapokelewa pia. Akakaa na wageni. Msibani hakuna mwanamke anayekaa na wageni isipokuwa maiti na mgeni.

Amerudi na sufuria mpya tatu, kubwa, stika hazijabanduka. Kaziweka chini. "Nimesikia wanachosema," akasema. "Wanasema vyungu vyangu. Sijui nani kalitoa neno hilo. Lakini wakiziona hizi mpya watakula, si ndiyo mama?"

Halafu akachukua steeliwaya, akaanza kusugua na zile za zamani. Anasugua sufuria ambayo haijawahi kukosea. Mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma yake, nauona mgongo wake unavyokwenda.

Sijamwambia. Nimefungua mdomo mara chungu nzima, kikatoka kikohozi.

25 Mei

Nimemwambia.

Alirudi kanisani, akakaa jikoni bila kuvua kitambaa. "Mama, wewe ndiye unayeshinda hapa na majirani mchana. Kuna kitu wanakijua kunihusu ambacho mimi sikijui?"

Nikasema, "Neno nimelitoa mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, toka meza yenye viti sita. Kwa Faudhia. Kisamvu. Mama Ashrafu alivyouliza na mimi nilivyocheka. Kichwa cha samaki. Sikujipunguzia, nesi. Nilisema na parachichi.

Nilimsubiri alie, maana analia kwa urahisi, hata redio inamliza. Hakulia.

"Na ndizi zangu?" akauliza.

"Walikula bata."

"Toka lini?"

"Toka mwezi wa nne ulipoanza, mpaka baada ya Pasaka."

"Nilikuwa naamka saa kumi, mama."

"Najua."

"Ungeniambia unaona upweke, ningekutafutia mtu wa kula naye. Ningerudi mchana hata mara moja moja. Ungeniambia chakula kibaya, ningejifunza. Umenificha nini sasa? Njaa?"

Akanyanyuka akaenda chumbani.

26 Mei

Mezani hakuna hotpoti.

27 Mei

Hakuna. Nimechemsha muhogo, nikala na chumvi. Nilistahili na chumvi nisipate.

Jioni Saburi kauliza, "Mama, mmekuwaje na Bertha?" Nikamwambia muulize mkeo. Kamwuliza mkewe, kaambiwa muulize mama yako. Kala, kalala. Wanaume wana raha zao.

Kabla ya kulala nikabisha mlango wao. "Bertha mwanangu, nipikie kesho. Niende nikale kwa Faudhia mbele yao. Maneno yangu hawayaamini tena, labda wataamini meno."

Akajibu toka ndani: "Mama, mimi sipiki maigizo."

28 Mei

Muhogo.

29 Mei

Alfajiri nimesikia sufuria. Nilipoamka nyumba iko kimya, wameshaondoka, na hotpoti nyekundu iko mezani. Leso hakuna. Fundo hakuna. Imekaa uchi. Lakini ipo.

Nikaifunga mwenyewe kwa kanga yangu, nikaenda kwa Faudhia kwenye manyunyu. Mabenchi yamejaa, mzee Mwinjuma yupo anakunywa supu, Mama Ashrafu yupo na chapati zake.

"Karibu bibi, ulipotea! Nikuletee kisamvu?"

"Niletee maji ya kunawa tu. Chakula ninacho."

Nikafungua. Ndizi na nyama, mvuke bado unatoka. Nikatia mkono nikala, watu wote wananitazama. Nikala tonge la pili ndipo nikasema, na nilisema kwa sauti yangu ya shambani.

"Haya ni mapishi ya Bertha. Ananiachia kila siku ya Mungu. Hapa sikuletwa na njaa wala haramu. Nililetwa na kelele zenu, maana mchana ule nyumbani ni mimi na redio. Mkanionea huruma, nikaona tamu, nikawaacha muwaze mnavyotaka. Nilimuuza mkwe wangu kwa kichwa cha samaki. Hayo ndiyo yangu, na wala simsitiri mtu. Ningetaka kumsitiri mtu ningejisitiri mwenyewe."

Mama Ashrafu akasema, "Mtu anaweza kusema chochote."

"Kweli. Basi nikwambie na hili. Chakula cha Bertha nilikuwa nawamwagia bata wako, pale kwenye tundu. Yule uliyemchinjia mgeni, mafuta yake yote ni ndizi hizi. Ulisema bata gani huyu mtamu, nilikusikia kwa juu ya ukuta. Umeshakula kwa Bertha, mama. Na hujafa."

Mzee Mwinjuma alipaliwa na supu. Vijana wakaanguka kwa kicheko, mmoja akapiga benchi, "Bibi, umemmaliza!" Mama Ashrafu akachukua sinia lake, akaondoka, mgongo umenyooka kama mchi.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nimemtoa aibuni mkwe wangu kwa kumwingiza jirani. Mimi na mdomo wangu tumezeeka pamoja na hatujajifunza.

Faudhia akaja akifuta mikono kwenye aproni. Hakuniambia maskini. "Bibi, ulinidanganya na samaki wangu ukala."

"Nilikula."

Alinitazama. Kisha akanawa, akakaa, akachukua ndizi moja, akatafuna huku anaangalia juu kama anapima chumvi. "Ameweka nini humu, maziwa?"

"Muulize mwenyewe. Siku ya Idi."

7 Juni

Idi. Hakuna mvua, siku ya tatu mfululizo.

Mzee Mwinjuma alichinja baada ya swala. Bertha alipika kwenye sufuria za zamani. Mpya kazirudisha stoo na stika zake. Sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Turubai Saburi aliazima kwa Faudhia, lile la bluu.

Walikuja Faudhia, vijana wa bodaboda, mzee Mwinjuma na mkewe, na nyumba tatu. Nyumba nyingine hazikuja. Kuna mikeka ilitandikwa ikakaa tupu mpaka jioni, na Bertha aliitazama kila alipopita na sinia. Mkeka mtupu nimeutandika mimi, nesi. Nilikaa juu ya mmoja ili mitupu ipungue.

Lakini jikoni Faudhia alishika mwiko pamoja na Bertha, wakagombana kuhusu nazi, mmoja anasema inaharibu ndizi, mwingine anasema ndizi bila nazi ni adhabu. Nilisikia Bertha anacheka. Kicheko hicho sikukisikia toka Pasaka.

Tulikula kwenye masinia. Vita.

Jioni Bertha akajaza sahani kwa ajili ya nyumba ambazo hazikuja. Nikamwambia, "Za nini tena?" Akasema, "Wewe kaa, mama." Akaenda peke yake, viatu mguuni, maana tope limekauka.

8 Juni

Uji. Mchana hotpoti: nyama iliyobaki, na ndizi. Leso ipo. Fundo halipo, imekunjwa tu juu. Fundo nalisubiri, sina haraka.

Sahani zimeanza kurudi. Mbili tupu. Moja ina ndimu. Saa kumi jioni mlango ukagongwa, nikafungua, hakuna mtu. Chini iko sahani iliyokwenda kwa Mama Ashrafu, imefunikwa kwa kawa. Ndani mna mayai ya bata matano, yana manyoya bado.

Nikampelekea Bertha jikoni. Akayatazama. Akachukua moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya yametoka kwenye ndizi zangu," akasema.

Hakucheka. Lakini alisogeza kigoda kwa mguu, akanionyesha nikae. Nikakaa. Akayakaanga, mawili yangu, mawili ya Saburi, moja lake. Nikamwekea moja langu kwenye sahani yake. Akalirudisha. Nikaliweka tena. Akaliacha.

Kwa juu ya ukuta nilisikia bata wanagombania kitu kwenye karai. Kilikuwa nini sijui. Sikwenda kuchungulia.

Andika, nesi: jioni, yai moja la bata. Nimekula na mtu.